Turudishieni mtoano: barua ya wazi kwa Bodi ya Kriketi ya England na Wales

Kwa Mwenyekiti, Mtendaji Mkuu na wajumbe wote wa Bodi,
Uwanja wa Lord's, London.

KUH: KOMBE LA KAUNTI LA SIKU MOJA, 1963 HADI 2009

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Nairobi. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoongelea kriketi na wenzangu, na kwa sababu ningependa wapenzi wa mchezo huu wa huku kwetu wasome ombi hili kabla halijawafikia. Ombi ni moja: turudishieni lile kombe la mtoano la kaunti, la siku moja, ambalo kaunti kubwa na ndogo ziliwekwa kwenye droo moja na bingwa akapatikana Lord's mwezi wa Septemba.

Najua jibu la haraka mtakalonipa. Mtasema kombe la siku moja bado lipo, la ova 50 (ova moja ni mipira sita), na kila mwaka linapata mwenyewe. Ni kweli, lakini silo ninalolililia. Ninalolililia lilizaliwa 1963 kwa jina la Gillette Cup, likaitwa NatWest Trophy kuanzia 1981, likachukua jina la Cheltenham & Gloucester mwaka 2001, na likamalizia safari yake kama Friends Provident Trophy mwaka 2009. Wadhamini walipishana mlangoni, ila kwa zaidi ya miaka 40 kanuni haikuguswa: ukishindwa leo, umetoka leo. Hapakuwa na msimamo wa ligi wa kukufichia siku mbaya.

Nianze lilikoanzia, kwani naona kama wengi wanaokaa kwenye viti vyenu sasa wamesahau kombe hili liliundwa kutibu ugonjwa gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanja vya kaunti vilikuwa vinakimbiwa na watu. Mechi ya ubingwa ilikula siku tatu, na mtu anayeamkia kazini hawezi kukaa jukwaani siku tatu kusubiri matokeo ambayo mara nyingi yangekuwa sare. Mwaka 1962 katibu wa Leicestershire, Mike Turner, alizishawishi kaunti tatu za jirani, Derbyshire, Nottinghamshire na Northamptonshire, zijaribu shindano dogo la mtoano la siku moja. Northamptonshire wakalibeba. Mwaka uliofuata wazo hilo likapanuliwa kuwa la kaunti zote 17 za daraja la kwanza, kampuni ya Gillette ikatoa pauni 6,500, na kombe likaanza.

Timu 17 hazigawanyiki vizuri kwenye mtoano, kwa hiyo ilibidi mbili zicheze kwanza ili zibaki 16. Droo ikawaangukia Lancashire na Leicestershire, kwenye uwanja wa kriketi wa Old Trafford, Manchester, tarehe 1 Mei 1963. Mvua ikanyesha, na mechi hiyo ya kwanza kabisa ya siku moja ikabidi ilale na kumaliziwa kesho yake. Peter Marner wa Lancashire alipiga mikimbio 121 (mikimbio ndizo alama za kriketi) na kuwa wa kwanza kuvuka mia katika kombe hili. Kila upande ulipewa ova 65, na mrushaji mmoja hakuruhusiwa kuzidisha 15. Kwa siku moja hiyo ilikuwa kazi ndefu mno, hivyo mwaka 1964 ova zikapunguzwa hadi 60, zikakaa hapo mpaka 1998, kisha zikawa 50.

Sussex walichukua makombe mawili ya kwanza, na hawakubahatisha. Nahodha wao, Ted Dexter, aliona mapema jambo ambalo wenzake walichelewa kuliona: katika mechi yenye ova za kuhesabu, kuzuia mikimbio ni sawa na kuangusha wiketi, yaani kumtoa mpigaji. Wengine waliendelea kusogeza wachezaji karibu na mpigaji kama wanavyofanya kwenye mechi za siku tatu. Dexter aliwatawanya mbali, akawategemea warushaji wa kasi waliolenga pale pale kila mpira, na kumwacha mpigaji ajitafutie makosa yake. Katika fainali ya kwanza, tarehe 7 Septemba 1963, Sussex walipata 168 tu. Worcestershire wakaishia 154. Mchezaji bora akachaguliwa Norman Gifford wa Worcestershire, upande ulioshindwa, na nimependa siku zote kwamba waamuzi wa tuzo hiyo hawakuona haya kufanya hivyo. Kila mnapoona leo nahodha akipanga wachezaji wake mpakani katika ova za mwisho, mnaona kazi iliyoanzia kwenye kombe hili.

Kuna jioni moja ambayo nataka mwisome polepole. Tarehe 28 Julai 1971, nusu fainali, Lancashire na Gloucestershire, Old Trafford. Watu zaidi ya 20,000 waliingia, wengine wakaketi kwenye majani ya uwanja karibu kabisa na kamba. Mvua ilikuwa imekula saa nzima ya mchezo. Gloucestershire walipata 229, na Lancashire walipokuwa wakihitaji mikimbio 25 kiza kilishashuka. Taa za stesheni ya treni pembeni ya uwanja zilikuwa zinawaka. Inasimuliwa kwamba Jack Bond, nahodha wa Lancashire, alimlalamikia mwamuzi Arthur Jepson kuhusu mwanga, naye Jepson akamwonyesha mwezi angani na kumuuliza anataka kuona mbali kiasi gani zaidi ya hapo.

Ndipo David Hughes alipoingia. Alikuwa mrushaji wa mipira ya kuzungusha, si mpigaji wa kutegemewa, na inasemekana alikuwa amekaa gizani ndani ya chumba cha kubadilishia nguo ili macho yake yazoee. Mrushaji aliyekuwa na mpira alikuwa John Mortimore, mzoefu, aliyerusha vizuri jioni ile. Hughes akampiga nne, sita, mbili, mbili, nne, sita. Mikimbio 24 katika ova moja, na mtu aliye jukwaani hawezi hata kuuona mpira vizuri. Bond akapata mkimbio wa ushindi katika ova iliyofuata, dhidi ya kasi ya Mike Procter. Ilikuwa inakaribia saa tatu usiku, na BBC iliacha matangazo ya mechi yaendelee huku taarifa ya habari ikisubiri. Lancashire wakaenda kushinda fainali yao ya pili kati ya tatu mfululizo, 1970, 1971 na 1972.

Mkitaka kujua kwa nini taarifa ya habari ya nchi nzima ilisubiri mechi ya kaunti, sababu ni ile kanuni. Kama Lancashire wangekuwa na mechi nyingine saba za makundi zinazowasubiri, Hughes asingekuwa na haja ya kupiga gizani, na mtu aliye nyumbani Leeds au Cardiff asingekuwa na haja ya kutazama.

Sasa nieleze kwa nini Mkenya anajishughulisha na kombe la Waingereza.

Mlipoandaa Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975, mlilipa kipimo cha Gillette Cup: ova 60 kila upande, 12 kwa mrushaji mmoja. Kati ya timu nane zilizoalikwa ilikuwemo Afrika Mashariki, kikosi kilichochotwa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah. Tulicheza mechi tatu na kupoteza zote. Katika uwanja wa Edgbaston, Birmingham, Glenn Turner wa New Zealand alitupiga 171 bila kutoka. Katika kikosi hicho alikuwemo Don Pringle, Mwingereza aliyehamia Kenya kikazi. Oktoba mwaka huo huo alifariki katika ajali ya gari hapa Nairobi. Mwanawe Derek, aliyezaliwa Nairobi, alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 17.

Miaka kumi baadaye, Septemba 1985, Derek Pringle alisimama Lord's na mpira mkononi, akiwa na ova ya mwisho ya fainali ya NatWest. Essex walikuwa wamepata 280 kwa wiketi mbili tu, Brian Hardie akipiga 110 na Graham Gooch 91. Nottinghamshire walihitaji mikimbio 18 katika mipira sita ya mwisho. Kwa siku zile watu walishaanza kutafuta njia ya kwenda stesheni. Aliyekuwa akipiga ni Derek Randall, mtu asiyetulia mahali pamoja. Pringle alilenga miguuni kwake kama walivyokubaliana na nahodha, lakini kila mpira Randall alikwisha kusogea pembeni na kujitengenezea nafasi, akiupiga upande ule ambao hapakuwa na mtu. Mipira mitano ikaleta mikimbio 16. Ukabaki mpira mmoja, na mikimbio miwili ya ushindi. Pringle akamfuata Randall alikohamia. Randall akaupiga juu, na Paul Prichard akaudaka. Essex walishinda kwa mkimbio mmoja, na kwa ushindi huo wakawa kaunti ya kwanza kutwaa mataji yote manne ya ndani.

Miaka minane zaidi ikapita. Septemba 1993, fainali nyingine, Sussex wakaweka 321 kwa wiketi sita, David Smith akiwa na 124. Hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kufukuzia alama kama hizo kwenye fainali hii akazifikia. Warwickshire wakapoteza wiketi tatu kabla hawajafika mia. Ndipo akaja Asif Din. Huyu alizaliwa Kampala. Hakuwa nyota wa timu, wala si kwamba mashabiki wa Warwickshire walimtazama wakasema sasa tumepona. Akapiga 104, mingi ya mikimbio hiyo akiwa na nahodha wake, Dermot Reeve, hadi fainali ikarudi mezani. Alipotoka, Warwickshire walikuwa bado wana deni. Ova ya mwisho ilihitaji 15, mrushaji akiwa Franklyn Stephenson. Reeve akachukua 13 katika mipira mitano, na Roger Twose, akicheza mpira wake wa kwanza na wa mwisho siku hiyo, akaupeleka mahali pa mikimbio miwili. Kiza kilikuwa kimeingia tena. Tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa kijana wa Kampala.

Mnaona basi. Fainali mbili ambazo wengi wanazitaja kuwa ndizo bora katika historia yenu zilikuwa mikononi mwa mzaliwa wa Nairobi na mzaliwa wa Kampala. Na hao si pekee waliotoka huku kwenda kucheza kaunti. Basharat Hassan wa Nairobi aliichezea Nottinghamshire karibu miaka 20. John Solanky, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikwenda Glamorgan. Dipak Patel, mwingine wa Nairobi, aliichezea Worcestershire kabla ya kuhamia New Zealand na kuvaa jezi ya taifa hilo. Kombe hili lina jasho letu ndani yake, ndiyo maana naliongelea kama mtu wa nyumbani.

Lakini sitaki mdhani ninalia kwa ajili ya mechi nzuri tu. Kinachoniuma zaidi ni kaunti ndogo, zile zilizo nje ya daraja la kwanza. Kuanzia 1964 baadhi yake ziliruhusiwa kuingia kwenye droo. Walikuwa walimu, wachimba makaa, maafisa wa benki, watu waliocheza kriketi wikiendi, wakijikuta wanawarushia mipira wachezaji wa timu ya taifa. Kwa miaka tisa walipigwa tu. Kisha mwaka 1973, Harrogate, Durham wakaitoa Yorkshire iliyoongozwa na Geoffrey Boycott. Yorkshire nzima ilitolewa kwa 135, nahodha wa Durham, Brian Lander, akichukua wiketi tano kwa mikimbio 15. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kaunti ndogo kuiangusha kaunti ya daraja la kwanza katika kombe hili. Lincolnshire wakafuata kwa kuitoa Glamorgan mwaka 1974, Hertfordshire wakaitoa Essex 1976, Buckinghamshire wakaishangaza Somerset 1987, na Cheshire wakaiondoa Northamptonshire 1988.

Mwaka 1992 Durham wakapandishwa kuwa kaunti ya 18 ya daraja la kwanza. Mwaka 2007 wakarudi kwenye kombe lile lile, sasa wakiwa miongoni mwa wakubwa, wakaingia fainali na kuilaza Hampshire kwa mikimbio 125. Ottis Gibson aliangusha wiketi kwa mipira yake miwili ya kwanza. Klabu iliyoanza kwa kuomba nafasi ya siku moja ikaishia kubeba kombe. Njia ya Durham ilipita hapo hapo mlipopafunga.

Nitakuwa mkweli kuhusu kasoro, maana mtazileta mezani hata nisipozitaja. Mechi nyingi za raundi ya kwanza hazikuwa mashindano. Mwaka 1990 huko Torquay, Somerset walipata 413 dhidi ya Devon, na Devon wakatolewa kwa 67. Mwaka 1984 Alvin Kallicharran wa Warwickshire aliwapiga Oxfordshire 206, kisha akaangusha wiketi zao sita. Siku hiyo nzima ilikuwa ya mtu mmoja. Tena fainali za Septemba zilianza saa nne unusu asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, na mpira uliyumba sana saa ya kwanza, ukawa mgumu kupigwa. Nahodha akishinda sarafu alikuwa hajiulizi, anawaacha wapinzani wapige kwanza. Kuanzia 1986 hadi 1995, kila fainali ilikwenda kwa timu iliyopiga ya pili. Hilo lilikuwa kosa la ratiba, na dawa yake ilikuwa rahisi: anzeni baadaye kidogo. Mlichofanya ni kuondoa kombe badala ya kusogeza saa.

Na hata lilipokuwa linazeeka, lilikuwa bado na nguvu. Tarehe 19 Juni 2002, uwanja wa Oval, Ali Brown wa Surrey alipiga 268 dhidi ya Glamorgan, rekodi ya dunia ya mechi za siku moja za ngazi hiyo iliyodumu miaka 20. Surrey wakafika 438. Nani angeendelea kutazama? Lakini Glamorgan walijua hakuna kesho, wakapiga kama watu wasio na cha kupoteza, Robert Croft 119, David Hemp 102, wakafika 429 kabla ya wiketi ya mwisho kuanguka. Walishindwa kwa mikimbio tisa. Mikimbio 867 kwa siku moja.

Halafu kombe likafa mara mbili. Mara ya kwanza ni 2006, mlipovunja mtoano, mkagawa timu katika kanda mbili za kaskazini na kusini, na kuziondoa kaunti ndogo. Miaka mitatu kabla yake mlikuwa mmeanzisha Twenty20, mechi za ova 20 kila upande, na fedha na macho yote yakaelekea huko, nalielewa hilo. Mara ya pili ni 2009, mlipolizika hata jina. Fainali ya mwisho ilichezwa Lord's tarehe 25 Julai, Hampshire wakiishinda Sussex, ambao ndio waliobeba la kwanza. Septemba ilikuwa imeshaondolewa. Mwaka 2010 mkaleta mechi za ova 40, kipimo ambacho hakuna nchi iliyokuwa ikikitumia kimataifa. Mwaka 2014 mkarudi kwenye 50. Na tangu 2021 kombe hilo linachezwa Agosti, wakati ule ule wa The Hundred, shindano la mipira 100 kila upande, wachezaji bora wa kila kaunti wakiwa wamechukuliwa kwenda huko, na fainali yake imehamishwa kutoka Lord's kwenda Trent Bridge, Nottingham. Vijana wanaopata nafasi kwa sababu hiyo wanafaidika, nakubali. Lakini kombe ambalo mwenye nalo mwenyewe analichezesha siku ambayo wakubwa wake hawapo, shabiki atalithaminije?

Hapa niseme jambo la kwetu. Ireland waliingia kwenye kombe lenu mwaka 1980, Scotland 1983, Uholanzi 1995. Mwaka baada ya mwaka Ireland walipangiwa kaunti, wakachapwa, wakarudi nyumbani na somo. Mwaka 2004, katika uwanja wa Clontarf mjini Dublin, wakaiangusha Surrey. Miaka mitatu baadaye wakaitoa Pakistan katika Kombe la Dunia, na mwaka 2017 wakapewa hadhi ya kucheza mechi za Test, zile ndefu za kimataifa.

Kenya tulikuwa mbele yao. Mwaka 2003 tuliishinda Sri Lanka hapa Nairobi, katika uwanja wa Gymkhana, Collins Obuya akichukua wiketi tano kwa mikimbio 24. Warwickshire walimwona na kumsajili mwaka huo huo. Tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kisha mechi zikakauka. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Sisi wenyewe tuna lawama kubwa katika hilo, uongozi wetu uligombana pale ulipopaswa kujenga, wala siwatupii ninyi mzigo huo. Ninachosema ni kwamba Ireland walikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: siku moja kila mwaka, iliyoandikwa kwenye ratiba, ya kusimama mbele ya timu kubwa kwa haki ya droo, bila kuomba mwaliko wa hisani. Nimewaona vijana wetu wanaofanya mazoezi kwenye wavu uliotoboka hadi jioni. Mnajua wanachouliza? Hawaulizi mshahara. Wanauliza mechi ijayo ni lini, na ni dhidi ya nani.

Sasa ombi kwa urefu wake. Wekeni droo ya timu 32. Kaunti 18 za daraja la kwanza, na nafasi 14 zigawanywe kwa kaunti ndogo na kwa nchi jirani zenu kama Scotland na Uholanzi. Raundi tano, mechi 31 kwa jumla. Anayefika fainali anacheza siku tano tu, anayetoka raundi ya kwanza amepoteza siku moja. Linganisheni na mfumo wa makundi mawili ya timu tisa, ambapo kila kaunti inacheza mechi nane kabla ya kujua kama inaendelea. Raundi ya kwanza ichezwe kwenye uwanja wa timu ndogo kila mara, ili miji kama Harrogate na Torquay na High Wycombe iwaone wakubwa kwa macho. Fainali irudi Lord's, Jumamosi ya kwanza ya Septemba, ianze saa tano asubuhi. Na ionyeshwe bure kwenye televisheni, angalau fainali hiyo.

Wala msiseme haiwezekani kuchanganya wakubwa na wadogo katika zama hizi. Upande wa wanawake mmekwisha kufanya: mwaka 2025 mlianzisha kombe la T20 (Twenty20) la mtoano la kaunti, kubwa na ndogo pamoja. Mlifanya vyema, na sioni kwa nini kilichowafaa wanawake kiwe kigumu kwa wanaume.

Kama jibu lenu litakuwa kwamba kalenda imejaa, basi naomba mwitoe kalenda hiyo hadharani, tarehe kwa tarehe, kuanzia Mei hadi Septemba, mtuonyeshe kila siku imepewa nani na kwa sababu gani. Tutawaonyesha siku tano za kuchukua.

Wenu katika mchezo,

Mpenzi wa kriketi,
Nairobi.